Potasiamu ni nyepesi kuliko agoni, mbona kwenye jedwali imekaa nyuma yake?

binti_kihesa: Habari zenu wakuu, namsaidia mdogo wangu yuko kidato cha pili hapa Iringa, tumekwama kwenye jedwali la elementi. Tunasoma Mendeleev, yule mwanakemia wa Urusi, alizipanga kwa uzito, lakini agoni ina 39.95 alafu potasiamu inayofuata ina 39.10, si ilitakiwa potasiamu itangulie? Naombeni msaada, dogo anakariri tu kama shairi.

ticha_tukuyu: Hilo swali zuri sana dada. Mendeleev 1869 alipanga kwa uzito kweli, ila aliangalia na tabia, zinazofanana akaziweka kundi moja, na pasipoingia kitu akaacha wazi akasema hapa kuna elementi bado haijaonekana. Galiamu ikapatikana 1875, jemaniamu 1886, zikakaa humo humo. Mimi hapo ndo namvulia kofia. Agoni yenyewe enzi hizo ilikuwa haijulikani. Kuja 1913 Moseley wa Uingereza akatumia eksirei akaonyesha kinachopanga ni idadi ya protoni, zile chembe za chaji chanya kwenye kiini cha atomu, agoni 18, potasiamu 19, basi. Uzito unavurugwa na nyutroni, chembe zisizo na chaji humo humo kwenye kiini, agoni iliyo nyingi duniani ina nyutroni 22, potasiamu iliyo nyingi ina 20.

mkulima_uyole: Na asikariri, mwandikishe elektroni za kila sheli, yaani tabaka za kuzunguka kiini, kuanzia ya ndani. Lithiamu 2:1, sodiamu 2:8:1, potasiamu 2:8:8:1, zote nje wamebaki na moja ndo maana ni kundi la kwanza na zote zinachachamaa kwenye maji. Kadri unavyoshuka sheli zinaongezeka, ile ya nje inakuwa mbali na kiini inatoka kirahisi, ndo maana potasiamu inawaka moto kabisa.

kijana_chunya: Huku kwetu dhahabu ndo maisha, nimeona imekaa chini ya fedha na shaba safu moja, kundi la 11, na kweli zote tatu zinapitisha umeme hatari na unazifua bila kuvunjika. Ila ticha, heliamu, ile gesi iliyogunduliwa Rukwa, ina elektroni 2 nje kama magnesiamu, mbona wameipeleka kulia mwisho?

ticha_tukuyu: Sheli ya kwanza inabeba 2 tu kaka, kwa hiyo heliamu imeshajaa, haitaki kuungana na mtu, sawa na neoni na agoni. Magnesiamu ni 2:8:2, zile mbili inazitoa.

binti_kihesa: Asanteni sana jamani. Nimempa kalisiamu, kaandika 2:8:8:2 alafu kasema mwenyewe kundi la pili, periodi (mstari wa kulala) ya nne, bila kuangalia popote!