Mnaotembeza wageni sehemu walipouawa watu, mmewahi kukutana na mambo?

Kijana_wa_Mengo
Wadau habari zenu. Mimi kazi yangu ni kutembeza wageni hapa Kampala, wengi ninaowapata ni Wakenya na Watanzania, na sehemu ninayoenda sana ni Lubiri, ikulu ya Kabaka (mfalme wa Buganda) pale Mengo, kwenye lile handaki la Idi Amin. Kwa wasiopajua, ni handaki la zege limeingia ndani ya kilima, lilijengwa miaka ya 70 liwe ghala la silaha, Waisraeli ndo walisaidia kulijenga, baadaye likageuzwa pa kufungia watu. Vyumba vimepangana upande mmoja, njia ya mbele ilijazwa maji yakapitishwa umeme, kwahiyo hata mlango ukiwa wazi huendi popote. Alama za mikono zipo ukutani mpaka leo.

Sasa juzi mvua imetoka kunyesha, wageni wametoka wote mimi nikabaki nyuma kuangalia kama kuna aliyeacha kitu, nikasikia mtu anakohoa chumba cha mwisho. Kikohozi cha mzee kabisa. Nikamulika na simu, hakuna mtu. Banange miguu ilikuwa mizito, nikajikuta nasema "jaja (babu) tusamehe, tunatoka" na nikatoka polepole.

Kinachonisumbua ni kwamba bosi anayeniletea wageni anataka tuanze safari za jioni, niwaambie watu kuna mizimu, niwatishe kidogo, anasema ndo inalipa. Roho yangu inakataa kabisa. Waliofia mle wana watoto na wajukuu wanaishi humu humu mjini. Nyinyi mmewahi kukutana na kitu kazini? Na mnawaambia wageni au mnanyamaza?

Nyako_Gulu
Pole ndugu yangu. Mimi niko huku kaskazini, napeleka watu Patiko, ile ngome iliyojengwa na Waarabu wa biashara ya utumwa halafu yule Mwingereza Samuel Baker akaichukua 1872. Ni mawe makubwa tu na magofu, mchana pazuri sana, unaona mbali. Lakini kuna jiwe lina alama kama za shoka, wazee wanasema ndo pale walikuwa wanamaliza watumwa wasioweza safari. Nilikuwa na mgeni mmoja, mama mtu mzima, nilikuwa bado sijafungua mdomo kuhusu hilo jiwe, akafika hapo akakaa chini akaanza kulia, namuuliza nini mama, anasema hajui.

Sisi Waacholi tunasema aliyeuawa vibaya anaacha cen, yaani roho yenye kisasi, na cen haichezewi. Wewe unajua vita ya Kony iliyopita huku, vijana waliorudi kutoka msituni walikanyagishwa yai kwanza ndo wakaingia nyumbani, na kuna waliofanyiwa matambiko makubwa zaidi kwasababu usiku hawalali, roho za watu waliouawa kwa mikono yao zinawajia. Hao sio watu wa zamani, ni majirani zangu. Kwahiyo mtu akiniambia nitishe wageni na vitu hivyo nitamwambia atafute mtu mwingine.

Fundi_wa_Njeru
Mimi sio wa utalii ni fundi umeme, ila nimeingia hilo handaki na niseme ukweli wangu. Zege tupu, hakuna kitambaa wala mbao ya kumeza sauti, mtu akikohoa nje pale mlangoni sauti inaingia mpaka mwisho inakurudia utafikiri iko nyuma yako, na mvua ikiwa imetoka kunyesha maji yanadondoka kila mahali. Halafu umetoka kuongea habari za vifo saa nzima, mwili wako umeshajiandaa kuogopa. Nyako, huyo mama inawezekana alikuwa ameshasoma kabla ya kuja, siku hizi kila kitu kipo kwenye simu.

Lakini kwa bosi wako tuko pamoja. Hata kama hakuna mzimu, waliouawa walikuwepo. Hiyo inatosha.

Mnubi_Bombo
Assalam aleikum. Mimi ni Mnubi, na enzi za Amin wengi jeshini walikuwa watu wetu, 1979 Amin alipoanguka tukalipizwa hata tusiohusika, nilikuwa mdogo lakini nakumbuka tunavyokimbia usiku. Kwa dini yetu aliyekufa yuko barzakh, pale roho zinapongojea kiyama, hazunguki akikohoa. Ulichosikia kama si mwangwi anaosema fundi basi ni jini, na majini wanapenda mahali patupu pachafu penye maji. Ukiingia sema bismillahi, basi.

Ila mwanangu, ukiwaeleza wageni usiishie kwa Amin. Lubiri ilivamiwa Mei 1966 kwa amri ya Obote aliyekuwa akitawala nchi wakati huo, Kabaka Mutesa akakimbilia Uingereza akafia huko 1969, na hata baada ya Amin watu waliendelea kupotea nchi hii. Waambie yote.

Kijana_wa_Mengo
Asanteni sana, na mzee wa Bombo shikamoo. Fundi nimekusikia, keshokutwa nitamwambia mwenzangu akohoe mlangoni mimi nisimame chumba cha mwisho nisikie inafikaje, ingawa siku ile nje hakukuwa na mtu, walikuwa wameshapanda gari. Bosi nimemjibu asubuhi kwamba za jioni sifanyi, na habari ya kutisha watu siisemi, kama ataniondoa aniondoe. Wageni wakiniuliza nitawaambia nilichosikia na hapo naishia. Nyako, nina Watanzania wanataka kuja huko mwisho wa mwezi, gari kutoka Gulu mjini mpaka Patiko kwenda na kurudi mnachajije?

Nyako_Gulu
Inategemea na mvua, ile barabara ikilowa si kila gari inapita. Niandikie inboksi na idadi ya watu, na uwaambie waje na viatu vya kupandia mawe.