Wajukuu wa Bi Mwanaidi: filamu ya Jumamosi

ALHAMISI

Halima 19:42
Assalaam aleikum jamaa wote. Nawakumbusha Jumamosi baada ya Alasiri, kwangu Majengo. Tunaangalia ile filamu ya dada wa Senegal anayelea mtoto wa wenyewe huko New York. Nataka Mwanaisha aione kabla hajakanyaga ndege ya Saudia. Andikeni majina.

Halima 19:43
1. Halima
2. Mwanaisha (lazima)

Halima 20:20
Mmesoma wote, naona. Majina yako wapi?

Rama 20:22
3. Rama. Chapo zipo?

Halima 20:22
Zipo, na maharagwe ya nazi. Wewe leta projekta.

Rama 20:24
Projekta iko. Waya wa sauti ndio uliliwa na panya. Tutaangalia bubu 😂

Mwanaisha 20:31
Shangazi, Jumamosi ajenti amenipangia vipimo vya hospitali. Sijui nitatoka saa ngapi.

Halima 20:31
Utatoka uje. Hata ukichelewa tunakungoja.

Mama Swaleh 20:40
Hiyo filamu si ni ya majini? Mimi mambo ya majini usiku sitaki, wanangu hawalali.

Halima 20:44
Mama Swaleh, hakuna mtu anatoka kabatini na panga. Inatisha polepole. Maji yanavuja chumbani kwake, usiku anaota anazama, buibui anatembea ukutani. Asubuhi anaamka, anampikia mtoto wa watu na kumpeleka shule. Kinachokubana roho ni kumuona anavumilia.

Swaleh 20:47
Inaitwa Nanny, ya 2022. Mwongozaji ni Nikyatu Jusu, wazazi wake ni wa Sierra Leone, na mamake mwenyewe alifanya hizo kazi za nyumba. Ilishinda tuzo kuu ya majaji kwenye tamasha la filamu la Sundance, Marekani, mwaka huohuo. Huyo dada, Aisha, ameigizwa na Anna Diop, naye ni mzaliwa wa Senegal. Buibui ni Anansi wa hadithi, na yule wa majini ni Mami Wata.

Swaleh 20:48
Da Halima, umeifikisha mwisho lakini? Kuna kitu lazima tuongee kabla ya Jumamosi.

Rama 20:48
WEWE USITUHARIBIE MWISHO

Rama 20:49
Na huyo Mami Wata akija Majengo ataishi wapi, Mto Nairobi? Atatoka na mifuko ya plastiki kichwani

Mama Swaleh 20:50
😂😂😂 Rama wewe

Swaleh 20:51
Sifanyi mchezo. Shangazi Zaina amealikwa?

Halima 20:53
Nimemwalika. Hajajibu, lakini yeye ndiye mwenye siku. Amekaa Riyadh, anajua. Ataongea na Mwanaisha filamu ikiisha.

Rama 20:54
Sinia la Idi lilienda na nani kwanza? Lile kubwa la bati. Kabla ya chapati tujue sinia

Mama Swaleh 20:55
Sinia liko kwa Rukia

Rukia 20:58
Haliko kwangu. Nililirudisha.

Halima 20:58
Mambo ya sinia baadaye jamani!

Swaleh 21:06
Acha niseme tu. Aisha anafanya kazi ili amlete mwanawe kutoka Senegal. Anapiga simu, mara mtoto hapatikani, mara simu inakatika. Kumbe mtoto amezama baharini. Aliyeachiwa mtoto anajua, na Aisha hajui. Huo ndio mwisho mnaotaka Shangazi Zaina aketi katikati yetu autazame.

Halima 21:30
Sikuwa nimefika hapo. Nililala Aisha akiwa bado anadai mshahara wake.

Rukia 21:34
Hiyo filamu iachwe.

Bakari 21:41
Kwa nini iachwe?

Rukia 21:42
Ujumbe huu umefutwa

Bakari 21:44
Nimeusoma kabla hujaufuta. Kama ni "ya zamani", mbona dawa za presha ziliendelea kununuliwa baada ya arubaini?

Halima 21:45
Bakari. Hapa kuna watoto.

IJUMAA

Halima 05:31
Subalkheri. Nimelala vibaya. Mwanaisha, mimi sikukatazi riziki. Riyali 1,000 kwa mwezi ni zaidi ya elfu thelathini za hapa, na kazi hapa nimekuona ukiitafuta mpaka viatu vikaisha. Lakini mwaka 2021 Wizara ya Mambo ya Nje iliwaambia wabunge kwamba Wakenya 89 walikufa Saudia, wengi wao wasichana wa kazi za nyumbani. Vyeti vikaja vimeandikwa moyo ulisimama. Wasichana wa umri wako, moyo ulisimama! Na mwaka huohuo Saudia ililegeza sheria ili mfanyakazi aweze kuhama mwajiri bila ruhusa yake. Wa nyumbani wakaachwa nje ya sheria hiyo. Ukiingia mlango wa mtu, wewe ni wa mtu.

Zaina 05:52
Waaleikum salaam. Nimesoma zote tangu jana.

Zaina 06:10
Swaleh mwanangu, asante kwa kunihofia. Filamu hiyo nimeshaiona, peke yangu, mlango nimeufunga. Nilidhani nitaogopa yule mwanamke wa majini. Wala. Niliogopa pale mama mwenye nyumba anapomwazima Aisha gauni zuri na huku pesa zake hajampa. Nikasimamisha hapohapo. Wangu alinipa udi. Mwezi ambao hakunilipa aliniita sebuleni, akanipaka udi hapa shingoni kwa mkono wake, akaniambia mimi ni kama dada yake. Nikasema ahsante. Nilirudi jikoni nikinukia vizuri na sina hata riyali moja.

Zaina 06:19
Nililala chumba cha mashine ya kufulia. Simu nilikuwa napewa Ijumaa, muda mfupi. Kila Ijumaa nikipiga nauliza mama yuko wapi. Mama amelala. Mama yuko bafuni. Mama ameenda kwa jirani. Mwanamke ambaye goti lilikuwa halimfikishi chooni, ameenda kwa jirani! Nikajua kuna kitu, nikawa sitaki kukijua. Ndipo nikaanza kumsikia. Mashine ikizunguka usiku nasikia ananiita Zena, kama nilivyoitwa utotoni. Nikadhani nyumba ile ina jini. Nilisoma Ayatul Kursiyu mpaka koo likakauka, na bado ananiita. Mama alikuwa ameshazikwa Kariokor, na mimi nimetoka kutuma pesa za dawa zake.

Zaina 06:24
Dera nililomletea bado lina lebo.

Mama Swaleh 06:40
Ya Rabbi. Zaina mdogo wangu.

Rama 06:58
Shangazi, pole sana.

Rukia 07:15
Da Zaina, mimi niliambiwa nisiseme. Walioniambia wako humu, wamenyamaza. Na pesa sikula peke yangu. Paa lilikuwa linavuja, karo za watoto wenu wote zilitoka humo. Leo ninaonekana mwizi mimi tu.

Bakari 07:18
Wangu alisomea serikalini. Karo gani?

Halima 07:19
Tafadhali. Tafadhali! Turudi kwa Mwanaisha, ndiye ana safari.

Mjomba Athmani 08:03
[Ujumbe wa sauti, dakika 3]

Bakari 08:09
Niko kwa matatu sisikii. Nani atuandikie?

Mwanaisha 08:30
Babu anasema hivi, nimeandika neno kwa neno:
"Mimi Athmani ndiye niliyesema Zaina asiambiwe. Dada yangu alikufa alfajiri, tukamzika Adhuhuri. Mwajiri asingemwachia Zaina aje, hati ya kusafiria ilikuwa mkononi mwake. Nikasema kumwambia mtu msiba akiwa amefungiwa nyumba ya watu, hana wa kumshika mkono, ni kumuua. Neno hilo ni langu, asilibebe Rukia. Lakini sikusema pesa ziendelee kupokelewa. Pesa ya dawa ya maiti mimi sikuijua mpaka leo, na nina umri wa kuambiwa mambo. Rukia, baada ya Swala ya Ijumaa uje kwangu na simu yenye meseji za M-Pesa. Bakari na wewe uje, ulijua ukanyamaza. Na huyu mtoto Mwanaisha hasafiri mpaka Zaina azungumze naye. Zaina akikataa kuzungumza, hasafiri."

Halima 08:41
Tumesikia Mjomba.

Mama Swaleh 08:42
Tumesikia.

Swaleh 08:44
Tumesikia Babu.

Rukia 09:26
Nitakuja.

Mwanaisha 11:12
Ajenti amepiga. Anasema kama sijathibitisha leo nafasi inapewa mwingine, na pesa nilizolipa hazirudi. Nimwambie nini?

Halima 11:13
Mwambie umefiwa!

Mama Swaleh 11:14
Astaghfirullah Halima, usitabirie watu misiba

Zaina 11:50
Mwanaisha, usimwambie chochote cha uongo. Mwambie unataka jina la ofisi yake kama lilivyoandikwa kwa Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, utalitafuta mwenyewe kwenye orodha. Muulize pia kama mkataba wako uko Musaned, ule mtandao wa serikali ya Saudia wa mikataba ya kazi za nyumbani, jina la mwajiri ni nani na nyumba ina watu wangapi. Wangu waliniambia ni watu wanne, nikakuta kumi na mmoja. Akikasirika kwa maswali hayo, umeshapata jibu lako.

Zaina 11:55
Na ukienda, nakala ya pasipoti inabaki kwangu. Tutapanga neno moja tunalolijua mimi na wewe. Ukilitaja katikati ya salamu najua uko pabaya hata kama mwenye nyumba amesimama karibu yako.

Zaina 11:57
Na nyinyi wote humu, kitakachotokea hapa nyumbani, ugonjwa au kifo, ataambiwa siku hiyohiyo. Mjomba nimekusikia na nakuheshimu. Kwa hili sikubaliani nawe. Mngeniambia ningelia na hiyo mashine ya kufulia, lakini ningelia nikijua ninamlilia nani.

Mwanaisha 12:20
Shangazi, ajenti amesema jina la ofisi atanitumia kesho.

Halima 12:22
Kwa nini kesho? Ofisi yake haina bango mlangoni?

Mwanaisha 12:25
Tumekuwa tukikutana kwa hoteli River Road.

Swaleh 12:26
😳

Halima 12:26
Mwanaisha!! Pasipoti yako iko wapi sasa hivi?

Mwanaisha 12:34
Iko kwake. Alisema ni ya viza.

Zaina 12:35
Nipigie.

Rama 14:50
Mimi na Swaleh tumetoka msikitini. Tunaweza kumsindikiza River Road leo, akaichukue. Nani mwingine?

Halima 14:52
Nendeni, msigombane na mtu. Chukueni na mtu mzima. Bakari?

Halima 15:10
Bakari?

Mama Swaleh 15:31
Bakari na Rukia wako kwa Mjomba tangu saa nane. Mlango umefungwa.

Halima 15:33
Sawa. Filamu basi ni hivi: kama Zaina anakuja, tunaangalia. Kama haji, tunakula chapati na kuongea, projekta ibaki. Zaina mdogo wangu, unaonaje?

Zaina 16:40
Mngoje nimalize na Mwanaisha kwanza. Chapati sijakataa.

Rama 17:05
Tuko River Road. Ajenti hashiki simu. Na waya wa sauti nimeuona hapa 350, ninunue au nisinunue?

Halima 17:06
Achana na waya, mngojeni huyo mtu hapo hotelini! Halafu nunua.

Mzee Juma wa Mombasa 21:47
Assalaam aleikum. Nimeona sasa hivi. 4. Juma. Ni Jumamosi hii au ijayo?