Mafundi wa "inakubali tu" mnatuharibia magari, na siku moja mtatuua

Wakuu, habari zenu. Naandika nikiwa na hasira na sitazificha.

Gari ni GX110, yaani bodi ya Toyota Mark II. Ilitoka Japani na injini ya 1G-FE, cc 2000, farasi 160. Nikanunua injini ya turbo, 1JZ-GTE ya VVT-i, na giaboksi ya manyuo ya R154, pesa ya jasho kabisa, nikapeleka kwa fundi ambaye mtaani anasifiwa kwamba kuswapi, yaani kubadilisha injini, ndiyo kazi yake. Wala sikumpa kazi ya kubuni. Toyota wenyewe walifunga injini hiyo na giaboksi hiyo kwenye bodi hii hii, ndiyo Mark II iR-V, toleo la turbo. Shafti yake ya kutoka giaboksi hadi difu ya nyuma ipo, difu yake ipo, ramani ya waya ipo. Nilimwandikia orodha na nikalipia kila kilichoandikwa.

Sasa oneni nilichorudishiwa.

Shafti ni ile ile ya zamani, ya oto, imekatwa na kuchomelewa kama geti. Jamani! Ukiunga shafti, krosi, yaani viungo vya ncha zake, lazima zikae kwenye mstari kama kiwandani, kisha inapelekwa kwenye mashine kupimwa balansi. Hii yangu imechomelewa ikiwa imejizungusha, unaona kwa macho. Gari ikifika 80 viti vinatetemeka, beringi ya kati imeshakufa, na sili ya nyuma ya giaboksi inamwaga oili. Nimemuuliza, ananijibu, "Bosi, itazoea." Chuma kinazoea?

Difu nayo ni ya 1G, na ya iR-V nililipia. 1G inatoa toki (nguvu ya kuzungusha) ya Nm 200 hivi. 1JZ inatoa 378, tena mapema tu kwenye rpm 2400. Hiyo nguvu yote anaitupia difu ndogo halafu anasema "inakubali tu".

Pampu ya petroli hajagusa. Turbo ikianza kusukuma hewa na petroli haitoshi, mchanganyiko unakuwa mkavu na pistoni zinaungua. Fundi wa turbo hajui hilo? Anajua! Ila pampu haionekani, ndiyo maana anaiacha. Anachopenda ni injini iwake, apige resi, watu wa gereji washangilie, wewe umalizie hela.

Waya hata sielezi. Soketi zimekatwa, zimesokotwa na kufungwa tepu.

Kinachoniuma zaidi ni breki. Kalipa na diski kubwa nilinunua mwenyewe na kumkabidhi mkononi. Gari lina breki zile zile za farasi 160, na kalipa zangu "zipo stoo". Stoo gani? Kila nikipiga simu napigwa kalenda. Hata karatasi za injini, za kubadilishia namba kwenye kadi TRA, kazishikilia yeye. Mke wangu na watoto wangepanda gari hilo!

Sirudi pale kurekebishiwa. Nataka pesa ya difu, kalipa zangu na karatasi zangu, vinginevyo naenda polisi na risiti zote.

Kwa sasa gari nimeliegesha. Mwenye kumjua mtu Dar anayebalansi shafti kwa mashine, siyo kwa macho, aniandikie hapa. Na mwenye shafti kamili ya iR-V ya manyuo, ambayo haijaguswa na grainda, aweke picha na bei.