MREJESHO: Hitma ya mzee na lile shamba la korosho Newala

Wakuu habari zenu, nimerudi na mrejesho. Niliuliza niuze shamba la korosho la marehemu baba ili nifanye hitma ya mwaka na kujengea kaburi, au nikope, maana dada alinikazania na kwa watoto wa mzee mwanaume mkubwa ni mimi.

Shamba sijauza. Nilimfuata baba mdogo akacheka sana, kasema hitma ni kisomo, hiyo pilau ya ng'ombe mzima mmeileta nyie mnaokaa Dar. Basi tumesoma hapohapo nyumbani, ubani, kahawa na maandazi, dada kanuna kidogo ila kaja. Walionimaliza ni watani, mmoja kavaa koti la mzee anaiga anavyokohoa na anavyodai hela ya tumbaku, aisee watu tunacheka huku machozi yanatoka, na hawakuondoka mpaka nilipowapa chochote.

Kaburi linasubiri mnada wa korosho, msimu ukifunguka Oktoba mzigo unaenda chama cha msingi cha ushirika, stakabadhi ghalani kama kawaida, yaani mzigo unakaa ghalani mpaka uuzwe mnadani, hela ikiingia benki ndo nanunua saruji. Kupulizia mikorosho dawa ya salfa nimemwachia mpwa wangu, ule ugonjwa wa ubwiri unga haungoji mtu na mimi kubeba ile mashine mgongo umeshakataa, nilidhani hayo ni maneno ya wazee kumbe zamu yangu imefika.

Mliosema uza uendelee na maisha, nawaheshimu ila hapana. Kinachoniumiza kichwa sasa ni ada ya shule ya Januari, nayo inaitazama hela hiyohiyo ya korosho.