Naomba ushauri: nimpeleke mama South Padre au Gulf Shores?

Habari zenu wakuu. Tuko Minneapolis, na mama mzazi amekuja kutoka Tanga kututembelea. Baridi imemshinda kabisa. Anashinda kando ya hita, kanga mbili juu ya koti, magoti yanamuuma. Nataka nimtoe wiki mbili mwezi wa Januari, angalau aone bahari.

Gulf Shores, Alabama, naambiwa ni patulivu na wazee wengi hukimbilia huko, ila mchana ni nyuzi 16 hivi. Kwa mtu wa Tanga hiyo si ahueni! South Padre Island, Texas, hufika 20 na kitu, lakini ni jirani na mpaka wa Mexico, na ukirudi kaskazini kwa barabara ya 77 kuna kizuizi cha askari wa mpakani. Mama ana viza halali ya matembezi. Aliyepita pale na mgeni, je, pasipoti na I-94 (rekodi ya kuingia Marekani) zilitosha?

Pia nyumba ya kupanga iwe na jiko, isiwe na ngazi. Na samaki wazima wanauzwa wapi? Minofu hali, anataka samaki mwenye kichwa chake.