Naomba ushauri: mtihani wanafaulu, mikono hawanawi

Habari zenu wakuu. Mimi ni muuguzi, nimekabidhiwa kazi ya kuwafundisha wenzangu kinga na udhibiti wa maambukizi. Awamu ya kwanza imekwisha, na kwenye karatasi kila mtu anazitaja vizuri zile nyakati 5 za Shirika la Afya Duniani za kusafisha mikono, kuanzia kabla ya kumgusa mgonjwa hadi baada ya kugusa vitu vilivyomzunguka.

Sasa ingia wodini! Mtu anatoka kitanda hiki kwenda kile na glavu zilezile, na ukimuuliza anakujibu, "Si nimevaa glavu?" Hilo ndilo linalonikosesha usingizi. Kitakasa mikono kinataka sekunde 20 hadi 30, maji na sabuni 40 hadi 60, lakini wengi wanapaka viganja tu na kuondoka, vidole gumba na ncha za vidole havijaguswa.

Nafikiria kuachana na mihadhara, nifundishe palepale wodini kwa dakika chache wakati wa kupokezana zamu. Wafanya usafi nao wawemo, maana husahaulika ilhali ndio wanaobeba taka zenye sindano.

Kuna hili la madaktari wakubwa pia. Nitamwambiaje bosi wangu hajanawa, tena mbele ya mgonjwa?

Aliyefanikiwa anisaidie: mlianzia wapi? Na mliwapimaje? Kwangu wakijua naangalia, wote wananawa; nikigeuka tu, basi.