Presha ya 146/92: kwa nini nianzishiwe dawa mbili kwa mpigo?

Baba Nuru: Ndugu zangu, nina miaka 52. Mwezi uliopita nilipimwa presha siku tatu tofauti, na mara zote ilicheza kwenye 146/92. Daktari ameniandikia amlodipini miligramu 5 pamoja na losatani miligramu 50, nizianze zote siku moja. Jirani yangu ambaye presha yake hufika 180 alianza na kidonge kimoja tu, kwa hiyo mke wangu ameingiwa na hofu kwamba kuna jambo ninafichwa. Je, ni kawaida?

Mfamasia wa Zamu: Hujafichwa kitu, ndugu. Zamani mgonjwa alianza na dawa moja, akapandishiwa dozi, kisha ndipo akaongezewa ya pili, na wengi waliishia kwenye ile ya kwanza miaka nenda rudi huku presha haishuki. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2021 unapendekeza tiba ianze presha inapofika 140/90, na unashauri mchanganyiko wa dawa tangu mwanzo, ikiwezekana ndani ya kidonge kimoja. Amlodipini hulegeza mishipa, losatani huzuia homoni inayoibana. Zikisaidiana kwa dozi ndogo hushusha presha kuliko kuongeza dozi ya mojawapo mara mbili. Tena amlodipini ya miligramu 10 naijua kwa miguu: mteja huingia dukani na kandambili kwa sababu viatu havimwingii tena.

Muuguzi Mstaafu: Nakubaliana na mfamasia, ila si kwa kila mtu. Mwongozo wa Ulaya wa 2018 uliruhusu dawa moja kwa wazee dhaifu, na pia kwa mtu ambaye presha yake ya juu haijafika 150 na hana hatari nyingine. Kwa 146 yako, ningependa kujua kama unavuta sigara au una kisukari. Kwa faida ya wasomaji wengine, losatani haimfai mama mjamzito, na anayeitumia hupimwa figo na potasiamu.

Baba Nuru: Nawashukuru sana. Sigara sivuti, lakini kisukari ninacho tangu 2019, na daktari analijua hilo. Mimi ndiye sikuona kama linahusiana na presha. Mke wangu amesoma majibu yenu, naye ndiye aliyeniletea maji ya kumezea vidonge asubuhi ya leo.